Jumapili ya Tatu

Kila Ijumaa asubuhi Netta Petrie alifungua kanisa la Auchlorn kwa ufunguo mzito kama nyundo, akaanza kazi kutoka mlangoni kwenda ndani. Alifuta viti, akafuta mimbari, akafuta vizingiti vya madirisha. Mwisho kabisa, mgongo ukiwa umeshaanza kulalamika na nta imebaki kidogo koponi, aliliendea benchi la toba.

Lilikuwa benchi fupi, jeusi, lisilo na mahali pa kuegemea, limesukumwa chini ya ngazi ya roshani. Hakuna aliyelikalia tena. Zamani za mababu, mtu akijulikana kuwa amekosa, wazee wa kanisa walimketisha hapo mbele ya waumini wote, mchungaji akamsema Jumapili baada ya Jumapili mpaka waridhike. Wageni waliopita na kamera zao walilipenda. Netta hakulipenda, lakini alilipaka nta kwa uangalifu kuliko kiti kingine chochote mle ndani, kwa maana benchi lile, ukitaka kusema kweli, lilikuwa la kwao.

Hakuna mtoto wa Auchlorn asiyeijua habari hiyo. Ann Laing, aliyemzaa nyanya wa Bibi Grizel, ndiye mtu wa mwisho kuketishwa pale. Watoto walikuwa na wimbo wake, na Bibi Grizel, bibi yake Netta, sasa na miaka themanini na minane, aliukumbuka neno kwa neno, maana aliimbiwa yeye:

*Ann Laing kakaa benchini,*
*mtoto kampakata,*
*pete haipo kidoleni,*
*na bwana hajampata.*

"Na unajua aliyekuwa akiuanzisha?" Bibi alizoea kumwuliza Netta, kana kwamba hajamwambia mara mia. "Charlie Mutch. Charlie wa Tillybrake, na kamasi zake zile. Mimi nimeshika kibao changu cha kuandikia, natamani ardhi ipasuke niingie. Na huyo bwana ambaye hajapatikana ni nani? Si babu yake mwenyewe!"

Hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Bwana wa wimbo alikuwa John Mutch, mshika plau, ambaye miaka mingi baadaye alipata shamba lake la kukodi, Tillybrake, akaoa mwanamke aitwaye Margaret Cruickshank, akazeeka, akafa na heshima zake. Jiwe lake lipo mpaka leo kwenye makaburi ya kanisa, upande unaopata jua. John Mutch, mkulima, Tillybrake. Chini yake, Margaret Cruickshank, mkewe. Kwa maana mwanamke wa kule hata akiolewa miaka hamsini, jiwe humrudishia jina la baba yake. Halafu chini ya Margaret ikabaki nafasi tupu, kubwa kama sinia la chai. Ann Laing, aliyemtangulia Margaret, alikufa kwa homa mtoto wake akiwa hajatimiza mwaka, akazikwa pembeni karibu na ukuta, bila jiwe wala kigingi.

Mtoto yule, Isobel, alilelewa na wazazi wa mama yake, akaitwa kwa jina lao. Ndiye nyanya wa Bibi Grizel.

Mwaka ule, elfu moja mia tisa sabini na sita, majani yalipoanza kudondoka, daktari alimsikiliza Bibi moyo, akakunja kile kifaa chake polepole mno. Bibi aliuona upole ule akauelewa. Alipoondoka daktari, alimwita Netta jikoni.

"Keti, mwanangu. Dod Wishart anakuja Novemba kuchonga jina la marehemu Barclay. Baada ya hapo jiwe litaganda kwa baridi, hatashika patasi mpaka Aprili. Aprili mimi siihesabu."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nasema nilivyoambiwa na kifua changu. Nataka jina la Ann liwekwe pale kwenye nafasi, Dod akija, nikiwa na macho ya kuliona. Siku nikikutana naye huko, atakuwa na swali moja tu la kuniuliza, na mimi sitaki kuangalia chini."

Jiwe, hata hivyo, lilikuwa mali ya ukoo wa Mutch, na mkuu wa ukoo sasa alikuwa William, mtoto wa yule Charlie wa kamasi. Huyu alikuwa mtu wa miaka sitini na minne, mwenye nyusi kama ufagio, na hakuna aliyemwita William. Kule mkulima huitwa kwa jina la shamba lake. Kwa hiyo yeye alikuwa Tillybrake, kama baba yake na babu yake kabla yake. Bibi alikuwa amemsimamisha mlangoni mwa kanisa Jumapili iliyopita, akamweleza haja yake.

"Alinijibuje? Alivua kofia, hilo nampa. Akasema, 'Bibi Grizel, si kwa ubaya. Lakini jiwe haliandikwi maneno ya kusikia. Nileteeni karatasi inayosema John alimwoa, na Dod nitamwita mimi mwenyewe.'" Bibi akamtazama Netta. "Mimi macho yangu hayafai. Wewe shule uliiacha mapema kwa sababu ya nyonga yangu iliyovunjika, najua. Lakini sijaona mtu wa kutazama kitu mpaka kikamwambia siri yake kama wewe. Nenda kanitafutie."

Basi kila Jumatano, siku ambayo hakuwa na kazi, Netta alipanda basi kwenda mjini, kwenye maktaba. Vitabu vya zamani vya parokia vilikuwa vimechukuliwa kwenda Edinburgh tangu enzi, lakini vilipigwa picha, na picha zake zilikuja katika mikanda myembamba ya filamu. Unaivuta kwa kuzungusha mkono wa mashine, nayo hukutupia kurasa kwenye kioo, nyeupe zikiwa nyeusi na nyeusi zikiwa nyeupe.

Kwanza alitafuta ubatizo wa Isobel. Hakufika mbali. Kurasa za miaka ile zililiwa na unyevu, zimebaki madoa kama ramani ya nchi isiyokuwepo. Akahamia kwenye ndoa.

Jumatano ya kwanza hakusoma hata jina moja zima. Mwandishi wa parokia alikuwa mwalimu wa shule, Robert Spence, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku amekimbizwa juu ya unga. Netta hakukata tamaa. Alichukua penseli akawa anamwiga, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka mkono wake ukajua mkono wa mwalimu ulikokuwa unaelekea. Jumatano ya pili alishajua kwamba Mwalimu Spence akiwa na haraka herufi zake hulala chali, na siku za baridi wino wake huwa mwepesi kwa kuchanganywa na maji. Jumatano ya tatu alianza kumzoea kama jirani. Yule mama wa maktaba akimletea mkanda mpya humkuta anatabasamu peke yake.

"Umepata?"

"Bado. Ila Mwalimu leo ana mafua. Ona anavyotia madoa."

Jumatano ya nne alipata. Ilikuwa chini kabisa ya ukurasa, Novemba ya mwaka elfu moja mia nane na kumi na tisa. *John Mutch, mshika plau katika parokia hii, na Ann Laing, binti wa James Laing, fundi viatu, wametangazwa kwa nia ya kuoana.* Netta aliweka kidole juu ya kioo, kana kwamba majina yangeweza kutoroka. Akanakili mstari wote kwa penseli, akakunja karatasi, akaitia ndani ya glavu ya mkono wa kushoto, akasafiri nayo hivyo mpaka nyumbani.

Bibi alimwambia asome tena. Kisha akamwambia afungue lile kopo la mikate ya siagi, ambalo hufunguliwa Mwaka Mpya tu, na Oktoba ilikuwa haijaisha. Kisha akamtuma amwite Tillybrake.

Tillybrake alikuja na mbwa wake, akamwacha mlangoni, akajipangusa viatu kwa muda mrefu. Alikataa mkate, akakubali chai. Alivaa miwani akaisoma karatasi ya Netta mara mbili, midomo ikicheza.

"Hii umeiandika wewe, binti?"

"Nimenakili kama ilivyo, mzee. Filamu ipo, mtu yeyote anaweza kwenda kuitazama."

"Nakuamini. Kazi yako ni safi." Akavua miwani. "Lakini Bibi Grizel, hapa pameandikwa wametangazwa. Kutangazwa si kuoa."

"Usinianze, Tillybrake!"

"Sikuanzi, mama yangu. Mimi mwenyewe nilitangazwa pamoja na Jean Lumsden katika kanisa lilelile, mwaka wa thelathini na saba, kila mtu akisikia. Leo Jean Lumsden ni mke wa nani? Wa posta, mgawa barua wetu! Ukifungua kitabu cha kanisa utamkuta Jean yuko na mimi. Nenda ukamwulize posta kama anakubali."

Netta alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Tillybrake akamgeukia, sasa kwa sauti ya chini.

"Tena tangazo huwa mara tatu, Jumapili tatu. Je, hapo pana tarehe ngapi?"

Netta hakuhitaji kuitazama karatasi. Aliuona ukurasa wote kichwani. Kila jozi ya majina ilikuwa na tarehe tatu, na baada yake maneno *wakafungishwa ndoa* na siku yake. John na Ann walikuwa na mbili, tarehe saba na tarehe kumi na nne. Baada ya hapo Mwalimu Spence aliacha nafasi nyeupe, kama mtu aliyeinua kalamu akisubiri kuambiwa, na hakuambiwa kamwe. Netta alikuwa ameiona nafasi ile, akaiona waziwazi, na furaha ikamziba macho.

"Mbili," alisema.

Tillybrake alishusha pumzi. Haikuwa pumzi ya mtu aliyeshinda. "Basi lilitokea jambo," alisema. "Jumapili ya tatu mtu hakutaka." Akamshika Bibi mkono, akaenda zake na mbwa wake.

Kopo la mikate lilibaki wazi. Bibi alilitazama, akasema, "Lifunge, mwanangu, itaingia unyevu." Ni hayo tu. Netta angependa Bibi amfokee.

Siku tatu Bibi hakuitaja habari ile. Alikaa kando ya moto akifuma soksi, akifumua, akifuma. Siku ya nne, mvua ikigonga dirisha mchana kutwa, alianza kuzungumza bila kuulizwa, macho yakiwa motoni.

"Nyanya Isobel alikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia na tangawizi. Nilikuwa nakaa chini ya meza yake wakati anamenya viazi, ganda likishuka refu, refu, halikatiki. Akilikata kabla ya kiazi kuisha alikuwa anajisonya. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nalia, kwa ule wimbo. Nikamwambia, 'Nyanya, ni kweli mama yako alikaa kwenye benchi?' Hakuacha kumenya. Akasema, 'Kweli alikaa. Lakini hakuwa peke yake.'" Bibi akatikisa kichwa. "Nikadhani anasema Mungu. Unajua wazee na Mungu wao. Nikajifuta machozi, nikaenda kucheza. Nilikuwa na miaka minane. Ningemwuliza tena, Netta, ningepungukiwa na nini? Baada ya miaka miwili tu akafa, na mimi kila siku nilikuwa palepale chini ya meza."

"Alizaliwa lini, Bibi? Nyanya Isobel?"

"Septemba. Tulikuwa tunamwokea keki ya matufaha. Septemba ya mwaka wa ishirini, ndivyo ilivyo kwenye jiwe lake."

Netta aliacha kukunja nguo. Novemba ya kumi na tisa walitangazwa. Septemba ya ishirini akazaliwa. Alihesabu kwa vidole, akarudia.

"Bibi, na benchi? Walisema alikaa lini?"

"Majira ya baridi kali, kabla ya Mwaka Mpya. Nyanya alisema maji ya ubatizo yaliganda kwenye bakuli."

"Basi mtoto gani alimpakata?"

Bibi aligeuka. Sindano za kufumia zikasimama.

"Wimbo unasema alikuwa na mtoto mkononi," Netta alisema, taratibu, kama mtu anayevuta uzi asiokusudia kuukata. "Lakini Isobel alikuwa bado hajazaliwa. Kwa hesabu hiyo alikuwa hajaanza hata kuonekana. Nani angemketisha kwa mtoto ambaye hakuna ajuaye kama yupo? Bibi, kama si kwa mtoto, alikaa kwa kosa gani?"

Ijumaa iliyofuata Netta hakuanza na viti. Alimngoja Mchungaji Auld, mtu mrefu, mwenye kusahau miwani yake kila mahali, akamwomba sanduku lililokuwa chini ya meza katika chumba chake nyuma ya mimbari. Alilifuta vumbi miaka mitano na hakuwahi kuona likifunguliwa.

"Humo mna vitabu vya mikutano ya baraza la wazee wa kanisa," alisema Mchungaji. "Edinburgh walichukua vitabu vya ndoa, hivi vikabaki. Ni ugomvi mtupu, Netta. Nani amesengenya, nani amelewa, nani ameanua nguo siku ya Bwana."

"Naomba huo ugomvi, Mchungaji."

Alikaa sakafuni, kitambaa cha kufutia vumbi kikining'inia mfukoni. Kitabu kilikuwa na ngozi iliyopasuka na harufu ya panya. Alipofungua alishtuka kwa furaha, maana mwandiko ulikuwa wa Mwalimu Spence. Alikuwa ndiye karani wa baraza pia! Sasa hakuhitaji kuiga herufi. Alimsoma kama anavyosoma barua ya nyumbani. Alifika Novemba.

*Tarehe 21, siku ya Bwana. Hapakuwa na ibada. Theluji, na mto umefunika daraja. Mchungaji hakuweza kufika.*

Mistari mitatu, basi. Netta aliisoma mara mbili. Akafungua ukurasa. Hapana. Ukurasa mwingine. Tarehe 12 Desemba.

*Walifika mbele ya Baraza John Mutch na Ann Laing, walioitwa kwa kuwa wanaishi nyumba moja bila kufungishwa ndoa na kanisa hili. John akaulizwa, akasema kwamba alikwisha kuahidiwa kazi ya plau kuanzia Jumatatu ya kuhama, wafanyakazi wanapobadilisha mashamba, na nyumba ya mtu mwenye mke; na kwa kuwa Jumapili ya tatu haikuwa na ibada, na tajiri wake hakutaka kumpokea mseja, walisimama Jumatatu asubuhi katika karakana ya mhunzi, mbele ya mhunzi na mkewe, wakatamka kuwa ni mume na mke. Mhunzi na mkewe wakathibitisha. Baraza likawakemea vikali kwa haraka yao, likaamuru wakae kwenye benchi la toba Jumapili mbili, wote wawili pamoja. Na likawatambua na kuwaandika kuwa ni mume na mke halali tangu siku hiyo.*

"Mchungaji!" Netta aliita. Sauti ilimtoka kubwa, ikagonga dari ya kanisa ikamrudia. "Mchungaji, njoo unisomee, nisije nikawa nimekosea tena!"

Mchungaji alisoma kwa sauti mpaka mwisho, miwani ikiwa juu ya paji la uso. Kisha akasema, "Kwa sheria ya zamani ya huku hiyo ilikuwa ndoa kamili. Kanisa halikuipenda, lakini ni ndoa."

Netta hakutaka kunakili safari hii. Tillybrake alikuja kanisani kwa gari, na Bibi Grizel akiwa kiti cha mbele, amevaa kofia yake ya mazishi na ya harusi, maana alikuwa na moja tu. Hakukubali kusubiri nyumbani. Netta alimkalisha karibu, akafungua kitabu, akampa Tillybrake nafasi mezani.

Alisoma kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena, na kidole kikasimama katikati, hakikuendelea.

"Nyumba ya mtu mwenye mke," alisema.

Akavua miwani, akaikunja.

"Nina nyumba ile ya chini, karibu na mto," alisema Tillybrake, akimwambia nani, haikujulikana. "Sijawahi kumpa mseja. Baba hakumpa, wala babu. Kijana akija kuomba kazi ya trekta, namwuliza, 'Una mke?' Siku ya kuhama ikifika hana, namwambia aende zake. Sikuwahi kufikiri..." Akagusa ukurasa. "Theluji, Bibi Grizel. Ni theluji tu. Hakuna aliyekataa."

"Hakuna aliyekataa," alisema Bibi.

"Baba yangu alikuwa akiimba ule wimbo wakati wa kunyoa ndevu. Mpaka siku anakufa."

"Alikuwa na sauti nzuri, Charlie. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi."

Tillybrake akatoa kitambaa, akajipenga kwa kishindo. "Dod Wishart anakuja Alhamisi," alisema. "Atafanya yenu kwanza. Barclay amekufa, hana haraka."

Dod alichonga Alhamisi ile, baridi ikiwa bado haijauma sana. Bibi aliletewa kiti kutoka kanisani, akafunikwa blanketi mbili, akasikiliza patasi ikigonga, tik, tik, kama saa. Netta alikuwa amemwandikia Dod maneno kwa herufi kubwa. *Na Ann Laing, mkewe wa kwanza.* Dod alipopuliza vumbi la mwisho, Bibi aliinuka akapitisha kidole ndani ya kila herufi, toka ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuruka hata moja.

Angeridhika hapo, mtu angesema. Bibi hakuridhika.

"Mchungaji," alisema, "Jumapili hii ni tarehe ngapi?"

Mchungaji akafikiri. "Ishirini na moja."

"Novemba ishirini na moja. Una deni la tangazo moja."

"Bibi Grizel, sheria ya kanisa haina kifungu cha kuwatangaza waliokufa."

"Inakataza?"

"Sidhani kama kuna aliyewahi kufikiri kukataza," alisema.

Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko Pasaka, kwa kuwa Auchlorn ni mahali ambapo siri hufika kabla ya mwenyewe. Posta alikuwepo na Jean wake. Bibi Grizel hakwenda kwenye kiti chake cha miaka themanini. Alimshika Netta mkono, wakatembea polepole mpaka chini ya ngazi ya roshani, akaketi kwenye benchi la toba. Minong'ono ikapita viti vyote kama upepo kwenye shayiri.

"Ni gumu," alimnong'oneza Netta. "Si ajabu walikuwa wanatubu upesi."

Netta alitaka kukaa naye. Bibi akamzuia kwa kiganja, macho yake yakiwa upande wa pili wa kanisa, kwenye viti vya Tillybrake. Alingoja tu. Watu wakageuka mmoja mmoja kuona anamtazama nani. Tillybrake alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama kofia yake magotini, akaitazama sana. Hatimaye akainuka, viatu vyake vikilia kwenye mawe, akapita katikati ya watu wote, akaja akasimama mbele ya benchi.

"Sogea basi, mama," alisema.

"Sogea wewe. Ukoo wenu umejaza nafasi yote miaka mia na hamsini."

Akaketi. Benchi likalia kidogo, likawachukua wote wawili.

Mchungaji Auld alipanda mimbarini. Alipapasa mifuko akitafuta miwani, akaipata pale pale kichwani, akafungua karatasi ambayo Netta alimwandikia. "Natangaza," alisema, "kwa mara ya tatu na ya mwisho, nia ya kuoana kati ya John Mutch, mshika plau katika parokia hii, na Ann Laing, binti wa James Laing, fundi viatu. Kama yupo mwenye pingamizi, na aseme sasa."

Netta, amesimama kando ya nguzo, aliona mkono mkubwa wa Tillybrake ukienda ukalifunika bega la Bibi kwa blanketi iliyokuwa imeteleza. Nje ya dirisha, bila upepo, theluji ya kwanza ya mwaka ilikuwa imeanza kudondoka.

"Haya, haya," alisema Bibi Grizel kwa sauti, akiitazama ile theluji. "Safari hii umechelewa."